Maradhi ya Ini si Ushahidi wa Ulevi

 



Miaka kadhaa iliyopita nilihudhuria maziko ya mzee mmoja katika kitongoji kimoja cha jiji la Mbeya. Marehemu alikuwa mtu wa safu ya kwanza msikitini, na waliokua naye wanashuhudia kwamba tangu ujana wake hakuonja kileo. Maradhi yake yalianza kwa uchovu na kukosa hamu ya kula. Kisha akakonda, macho yakageuka rangi ya manjano na tumbo likajaa maji. Alipofikishwa hospitali aliambiwa kwamba ana saratani ya ini na kwamba imekwisha kuenea. Hakumaliza miezi mitatu.

Tulipokuwa tukirudi kutoka makaburini, nilisikia watu wawili waliokuwa mbele yangu wakinong'ona. Mmoja akamwambia mwenzake, "Kumbe mzee wetu naye alikuwa akinywa kwa siri." Mwenzake akaguna, asiseme neno. Niliwasogelea nikawanasihi, lakini maneno yalikwisha toka. Baadaye nilielezwa na mwanawe mkubwa kwamba marehemu mwenyewe aliyaogopa maneno hayo hayo. Dalili alikuwa nazo karibu mwaka mzima. Kila alipoambiwa aende hospitali alijibu kwamba watu watasema ini limeharibiwa na pombe.

Ndugu zangu, hapa pana makosa mawili. La kwanza ni dhana mbaya juu ya Muislamu, na ubaya wake tunaufahamu sote. La pili ni ujinga wa maradhi yenyewe, na huu ndio ninaotaka tuuondoe leo. Pombe ni mlango mmoja tu wa saratani ya ini. Ipo milango mingine inayopita majumbani mwetu, kwenye ghala la mahindi, kwenye wembe wa kunyolea, hata kwenye damu ya mama anayejifungua. Anayedhani kwamba amesalimika kwa kuwa hanywi hujikuta ameufunga mlango mmoja na kuiacha mingine wazi.

Saratani inayokuja polepole

Ini ni kiungo kikubwa kilichokaa upande wa kulia wa tumbo, chini ya mbavu. Huchuja sumu katika damu, huhifadhi nguvu itokanayo na chakula na hutengeneza nyongo inayosaga mafuta. Mwenyezi Mungu amelijaalia uwezo wa ajabu wa kujitengeneza upya linapojeruhiwa. Hata hivyo, likijeruhiwa mfululizo kwa miaka mingi, panapojengeka upya hubakia makovu. Makovu yakizidi, ini hukakamaa na kusinyaa. Aghalabu ni ndani ya ini la namna hiyo ambamo saratani huota, ingawa virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuleta saratani hata kabla ini halijasinyaa.

Safari hiyo huchukua miaka ishirini, thelathini au zaidi, na muda mwingi mgonjwa haumwi na chochote. Ndiyo maana wengi hufika hospitali wakiwa wamechelewa. Mwaka 2022, kwa hesabu za taasisi ya utafiti wa saratani iliyo chini ya Shirika la Afya Duniani, watu wapatao 866,000 waligundulika kuwa na saratani ya ini ulimwenguni na wapatao 758,000 walifariki kwa maradhi hayo. Tazama jinsi hesabu hizo mbili zinavyokaribiana. Maana yake ni kwamba ugonjwa huu ukishajitokeza wazi, tiba huwa ngumu, na nafasi yetu kubwa imo katika kuuzuia kabla haujaanza. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Mlango wa kwanza: virusi vya homa ya ini

Visababishi vikuu vya saratani ya ini duniani ni virusi vya homa ya ini aina ya B na aina ya C. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2022 watu milioni 254 walikuwa wakiishi na virusi vya B na watu milioni 50 wakiishi na virusi vya C. Wengi wao hawajijui.

Virusi vya B hukaa katika damu na majimaji ya mwili. Huenea kwa njia ya damu, kwa tendo la ndoa, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Huenea pia baina ya watoto wadogo wanaoishi pamoja, kwa michubuko na vidonda vyao. Jambo linalopasa kueleweka ni kwamba umri wa kuambukizwa ndio unaoamua mwisho wa habari. Mtu mzima akiambukizwa, mara nyingi mwili wake huvishinda virusi, na wanaobaki navyo maisha yao yote ni pungufu ya watano katika kila mia. Mtoto mchanga akiambukizwa, takriban tisini katika kila mia hubaki navyo. Kwa hiyo saratani anayougua mtu wa miaka hamsini huenda mbegu yake ilipandwa siku aliyozaliwa, kabla hajajua pombe ni nini.

Virusi hivi viligunduliwa katika miaka ya 1960 na Baruch Blumberg wa Marekani pamoja na wenzake, naye alitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1976. Chanjo yake iliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Kisiwa cha Taiwan kilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka 1984. Zilipopita takriban miaka kumi tu, saratani ya ini kwa watoto kisiwani humo ilikuwa imepungua kwa karibu nusu. Ni nadra kusikia chanjo inayozuia saratani, na hii ni mojawapo.

Hapa kwetu Tanzania chanjo hii iliingizwa katika utaratibu wa chanjo za watoto mwaka 2002, na tangu mwaka 2009 imo ndani ya chanjo moja inayokinga maradhi matano. Mtoto huipata akiwa na wiki sita, wiki kumi na wiki kumi na nne. Chukua kadi ya kliniki ya mwanao uitazame, utaiona imeandikwa humo. Sasa fanya hesabu ndogo ya nyumba yako. Kijana aliyezaliwa mwaka 2005 huenda amekingwa. Kaka yake aliyezaliwa mwaka 1998, mama yao, baba yao na bibi yao hawakuipata utotoni. Ziko nyumba nyingi Mbeya na Iringa ambamo wadogo wamevaa ngao na wakubwa wako vifua wazi, na hakuna aliyewahi kuliwaza jambo hilo.

Mama mjamzito naye aombe kupimwa homa ya ini aina ya B. Akikutwa nayo, zipo dawa anazoweza kupewa wakati wa ujauzito ili kumpunguzia mtoto hatari, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto apate chanjo ndani ya saa 24 za kuzaliwa. Aulize mapema, kabla ya uchungu kuanza, kama chanjo hiyo ya siku ya kwanza inapatikana mahali atakapojifungulia. Baada ya hapo amnyonyeshe mwanawe bila hofu, kwa kuwa maziwa yake hayazuiwi kwa sababu ya maradhi haya.

Wembe, hijama na josho la maiti

Yapo mambo yanayotuhusu sisi Waislamu moja kwa moja, na ni wajibu wetu mashehe na maustadhi kuyasema kabla hayajasemwa na wengine.

Virusi vya B vinaweza kuishi nje ya mwili, katika tone la damu lililokauka, kwa muda usiopungua siku saba. Sasa fikiri juu ya mtoto anayenyolewa nywele siku ya aqiqa kwa wembe uliokwisha kunyoa wengine. Fikiri juu ya vijana wa jando wanaotahiriwa mmoja baada ya mwingine kwa kisu kimoja. Fikiri juu ya wanaopiga chuku, yaani hijama, wakichanja kwa wembe ule ule na kuvirudia vikombe visivyotakaswa. Fikiri juu ya binti anayetogwa masikio kwa sindano ya jirani, na mahujaji wanaonyolewa na kinyozi asiyejulikana. Ibada na Sunna hizi hazina kosa lolote. Kosa ni letu tunapochangia chombo chenye damu.

Kwa hiyo kila mtoto awe na wembe wake mpya, na ukishatumika utupwe mahali salama. Tohara ifanywe na mtaalamu mwenye vifaa vilivyotakaswa. Mpiga hijama asiyefungua wembe mpya mbele ya macho yako, ondoka kwake. Waoshaji wa maiti, wanaume kwa wanawake, wavae glavu, wafunike michubuko yao na wapate chanjo, kwa sababu wanatufanyia sote kazi ya faradhi.

Tujifunze kwa ndugu zetu wa Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi ya 1980, serikali yao ilipambana na kichocho kwa kuwadunga sindano mamilioni ya wanavijiji. Nia ilikuwa njema, lakini sindano zilirudiwa kwa watu wengi bila kutakaswa ipasavyo, na kwa njia hiyo virusi vya homa ya ini aina ya C vikasambaa hadi Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani. Lakini hawakukaa wakilia. Kuanzia Oktoba 2018 walifanya kampeni kubwa iliyowapima watu wapatao milioni 50 kwa muda wa miezi saba hivi, na waliokutwa na virusi wakatibiwa. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani liliitambua Misri kuwa mfano wa nchi inayoelekea kuitokomeza homa hiyo. Aina ya C haina chanjo, lakini ina dawa za vidonge ambazo huwaponya zaidi ya wagonjwa 95 katika kila mia, kwa majuma nane hadi kumi na mawili.

Jambo la pekee kwa Nyanda za Juu Kusini

Mikoa yetu hii ina mtihani wake. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 na 2023 ulionyesha kwamba maambukizi ya VVU kwa watu wenye umri wa miaka 15 na kuendelea ni asilimia 12.7 Njombe, 11.1 Iringa na 9.6 Mbeya, wakati wastani wa taifa ni asilimia 4.4. VVU na virusi vya homa ya ini B hupita njia zinazofanana, na vikikutana ndani ya mwili mmoja, ini huharibika kwa kasi zaidi.

Lakini katika dhiki hiyo imo faraja. Dawa mbili kati ya zile zilizomo katika kidonge wanachopewa watu wengi wanaoishi na VVU, yaani tenofovi na lamivudini, huvidhibiti pia virusi vya homa ya ini B. Anayekimeza kila siku huenda analilinda ini lake pasipo kujua. Kinyume chake ni hatari. Mwenye virusi vyote viwili akiacha dawa ghafla, homa ya ini inaweza kulipuka na kumwangamiza kwa muda mfupi. Kwa hiyo namsihi kila anayetuambia kwamba ameacha dawa kwa sababu ameombewa, au amesomewa kisomo akajisikia nafuu. Ndugu yangu, rudi kliniki. Kisomo ni dua, na dua haimkatazi mtu kumeza dawa. Sisi tunaosoma tuwe wa kwanza kuwaambia hivyo wanaotujia.

Kadhalika, tumbo linapojaa maji na macho yanapogeuka manjano, wengi hukimbilia kusema kwamba mtu amerogwa. Wakati familia inazunguka kumtafuta mchawi, ini linazidi kuangamia. Dalili hizo ni za kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Mlango wa pili: sumukuvu

Sasa tuingie ghalani. Mikoa yetu ni ghala la taifa. Mahindi ya Iringa na Mbeya hulisha hadi nchi jirani. Lakini juu ya mahindi na karanga huweza kuota kuvu inayotoa sumu iitwayo sumukuvu. Sumu hii ilitambuliwa baada ya mwaka 1960, batamzinga zaidi ya laki moja walipokufa nchini Uingereza kwa chakula kilichochanganywa na karanga zenye ukungu. Wataalamu wameiweka katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kuleta saratani kwa binadamu.

Ikiliwa kwa wingi huua kwa siku chache. Mwaka 2004 mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, waliugua watu 317 na kufariki 125 baada ya kula mahindi yaliyoharibika. Mwaka 2016 msiba kama huo ukatufika nyumbani, katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Waliugua watu 68, wakafariki 20. Ama ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka, haileti kilio cha ghafla. Huandaa saratani.

Baadhi yetu husema kwamba hayo ni ya mikoa ya joto, sisi tuna baridi. Ni kweli kwamba kuvu hiyo hupenda joto na mahindi yaliyopigwa na ukame, na hivyo baridi yetu hutupunguzia hatari. Lakini haituondolei. Watafiti wa Kitanzania na wenzao walichukua sampuli 120 za mahindi yaliyohifadhiwa majumbani katika mikoa minne, Iringa ikiwemo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Sumukuvu ilionekana katika sampuli 18 kwa kila mia, na 12 kwa kila mia zilipita kiwango kilichoruhusiwa kisheria nchini. Zaidi ya hayo, Isimani si Mufindi na Usangu si Rungwe. Mikoa yetu ina mabonde ya joto na ukame, na karanga tunazokula huletwa pia kutoka mbali.

Tena virusi na sumukuvu vikikutana, madhara hayajumlishwi tu, bali huzidishwa. Huko Shanghai, China, wanaume zaidi ya 18,000 walifuatiliwa na watafiti, na matokeo yakatangazwa katika miaka ya 1990. Waliokuwa na dalili za sumukuvu peke yake mwilini walikuwa na hatari ya saratani ya ini ipatayo mara tatu ya wengine. Wenye virusi vya B peke yake, mara saba. Wenye vyote viwili, karibu mara sitini. Mtu asiyejua kama ana virusi, naye anakula mahindi yenye ukungu, anachezea moto akidhani ni majivu.

Mama wa nyumbani na mkulima wafanye nini? Mahindi yasianikwe juu ya udongo mtupu, bali juu ya turubai au kichanja. Yasipigwe kwa namna ya kuzipasua punje, kwa sababu punje iliyopasuka ni mlango wa kuvu. Yakauke hasa kabla ya kuingizwa ghalani. Ukitaka kuyajaribu, chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi iliyo kavu kabisa, tikisa kwa dakika chache kisha acha itulie. Chumvi ikigandamana kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana unyevu, yarudishe juani. Magunia yawekwe juu ya vichaga, mbali na ukuta. Kwa anayemudu, ipo mifuko maalumu isiyopitisha hewa. Kabla ya kusaga au kupika kande, chagua na utupe punje zilizovunda, zilizobadilika rangi na zilizopasuka. Karanga chungu iteme.

Wala usijidanganye kwamba moto utaisafisha sumu hiyo. Kupika ugali au kukaanga karanga hakuiondoi. Kukoboa mahindi hupunguza sehemu yake, lakini usimpe ng'ombe wa maziwa wala kuku pumba zilizovunda, kwa maana sumu hurudi mezani kwako ndani ya maziwa na mayai. Na mfanyabiashara anayechanganya mahindi yaliyooza na mazima ili kujaza gunia, ajue kwamba katika sheria yetu udanganyifu huo ni haramu, na hapa anauza pia maradhi ya watoto wa watu.

Mlango wa tatu na wa nne: pombe, tumbo na tumbaku

Sikusema kwamba pombe haina kosa. Ulanzi wa Iringa, komoni za vilabuni, gongo na bia za chupa vyote vina kilevi kile kile kinacholijeruhi ini na kulisinyaza. Na mwenye virusi vya homa ya ini akinywa, anaharakisha mwisho wake. Kuna pombe inayotengenezwa kwa mahindi yasiyofaa tena kwa ugali, na hapo mnywaji anapata madhara mawili ndani ya kikombe kimoja. Sheria imetukataza pombe, na hukumu hiyo haina mjadala. Lakini nawaomba viongozi wa misikiti tusimfanye aliyeteleza akaona aibu hata kwenda kutibiwa. Aache, atubu na apimwe ini lake. Milango yote mitatu iko wazi kwake.

Ama mlango wa nne ni wa sisi tusiokunywa. Mtu anaweza kulijaza ini lake mafuta bila kuonja tone la pombe. Unene uliopita kiasi na kisukari huleta mafuta katika ini, mafuta huleta uvimbe, uvimbe huleta makovu, na makovu huweza kuleta saratani. Tutazame futari zetu na walima zetu. Sambusa, maandazi, vitumbua, chai iliyojaa sukari na soda juu yake, kisha tunaketi. Wazee wetu walikula ugali wa dona, maharage na mboga za majani, wakapanda milima ya Uporoto kwa miguu. Sisi tunapanda bodaboda kwenda msikiti ulio mtaa wa pili. Tumbaku nayo imethibitishwa kuwa miongoni mwa visababishi vya saratani ya ini, na wapo wasiokunywa wanaojifariji kwa sigara.

Kupimwa, kuoa na kuishi na mgonjwa

Kipimo cha homa ya ini B ni tone la damu na majibu hupatikana siku hiyo hiyo. Ulizia katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Iringa, au hospitali ya wilaya yako. Wapo pia wanaojitambua kwa kuchangia damu, kwa sababu Mpango wa Taifa wa Damu Salama huipima damu ya kila mchangiaji kwa VVU, kaswende na homa ya ini B na C. Ukichangia, rudi uchukue majibu yako.

Asiyekutwa na virusi achanjwe. Mtu mzima hupata dozi tatu, ya pili baada ya mwezi mmoja na ya tatu mwezi wa sita tangu ile ya kwanza. Dozi moja haitoshi. Aliyekutwa navyo asikate tamaa, kwani si kila mwenye virusi huhitaji dawa papo hapo. Lakini kila mmoja anahitaji kufuatiliwa na daktari, na wale walio katika hatari kubwa hupimwa kwa ultrasaundi kila miezi sita, ili saratani ikijitokeza ionekane ingali ndogo. Dawa zipo. Hazivifuti virusi vya B kabisa, ila huvituliza na kupunguza sana hatari ya saratani.

Wazazi na mawalii, wahimizeni vijana wapimwe kabla ya nikaha. Saudi Arabia iliziingiza homa ya ini B na C na VVU katika vipimo vya lazima vya wachumba mwaka 2008. Kwetu si lazima, lakini busara yake ni ile ile. Na mchumba akikutwa na virusi vya B, isiwe sababu ya kuvunja ahadi na kumtangaza mtaani. Mwenzake achanjwe, athibitishwe kwamba amepata kinga, kisha mambo yaendelee kwa baraka za Mwenyezi Mungu.

Na mgonjwa asitengwe. Virusi hivi haviambukizwi kwa kula sinia moja, kwa kupeana mikono, kwa kusimama bega kwa bega katika safu, wala kwa kunywa kikombe kimoja. Asichangie wembe, mswaki wala sindano, basi. Mengine yote ni haki yake kama ilivyokuwa jana.

Ndugu msomaji, wanazuoni wetu wameeleza kwamba sheria imekuja kulinda mambo matano, yaani dini, nafsi, akili, kizazi na mali. Katika maradhi haya naona karibu yote yakiguswa. Ajikingaye analinda nafsi yake. Mama apimwaye analinda kizazi chake. Mkulima aanikaye vizuri analinda mali yake na nafsi za wanunuzi wake.

Namalizia pale nilipoanzia. Baada ya hitima ya yule mzee, nilikaa na familia yake nikawaomba wote wakapimwe. Walisita, kisha wakaenda. Mkewe hakukutwa na virusi, akachanjwa. Wadogo wawili waliozaliwa baada ya chanjo kuanza kutolewa walikuwa salama. Mwanawe mkubwa, yule aliyenieleza hofu ya baba yake, alikutwa navyo. Leo anahudhuria kliniki, anameza dawa yake, na ini lake halijasinyaa. Kila mwaka, katika hitima ya baba yake, husimama mbele ya watu akasema mwenyewe, "Mimi nina homa ya ini. Sijawahi kunywa pombe, na baba yangu hakuwahi." Kisha huwauliza waliokaa mkekani ni nani kati yao amepimwa.

Mwaka wa kwanza haukuinuliwa mkono hata mmoja. Mara ya mwisho nilipokuwepo, nilihesabu mikono kumi na minne. Wa mmoja kati ya wale wawili wa njia ya makaburini ulikuwamo.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) amrehemu mzee wetu na marehemu wetu wote, awaponye wagonjwa wetu, na atujaalie elimu yenye manufaa na moyo wa kuifanyia kazi. Wabillahi tawfiq.